Geti likianza kulia, lisikilize

Nyumba zenye gereji ya kweli, yaani chumba chenye paa na mlango wake, si nyingi katika jiji la Nairobi. Utazipata Karen, Runda, Lavington na katika nyumba chache za zamani zilizojengwa wakati ardhi ilikuwa tele. Kwetu sisi wengine, gari hulala uani. Kinacholitenganisha na barabara ni geti peke yake, na kwa hivyo geti ndilo mlango wetu wa gereji. Hata asiye na gari hulipita mara nne au tano kwa siku, akienda dukani, shuleni au stendi ya matatu.

La ajabu ni kwamba katika ploti hakuna kitu kinachotumiwa na watu wengi kama geti, na hakuna kinachopuuzwa kama hilo hilo geti. Jiko likiharibika, fundi huitwa siku iyo hiyo. Mfereji ukivuja, wapangaji hugombana. Lakini geti likianza kulia kama mbuzi aliyefungwa juani, watu hulizoea. Baada ya wiki mbili hakuna anayelisikia tena. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwa geti mawingu yenyewe ni zile kelele.

Hebu tufanye hesabu ndogo, na wanafunzi wanaweza kuihakikisha kwa kalamu. Chukua geti la kusukuma kando lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, lililofunikwa kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 1.5. Chuma cha ujazo wa mita moja kina uzito wa kilo 7,850. Bamba hilo peke yake basi lina kilo zipatazo 94. Ongeza fremu na vyuma vya kulitia nguvu, ambavyo havikosi kilo 60. Jumla imepita kilo 150, uzito wa mifuko mitatu ya saruji.

Sasa fikiria mifuko hiyo mitatu imesimamishwa wima juu ya magurudumu mawili yaliyo katika mstari mmoja. Geti la aina hiyo haliwezi kusimama lenyewe, kama vile baiskeli isivyoweza. Linasimama kwa sababu ya vitu viwili vidogo ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvitazama. Cha kwanza ni vile vigurudumu vya juu, vilivyofungwa kwenye nguzo, vinavyolishika geti pande zote mbili lisiinamie ndani wala nje. Cha pili ni kizuizi cha mwisho wa reli, ambacho mafundi hukiita stopa, kinacholizuia lisisukumwe hadi likatoka katika mikono ya vigurudumu hivyo. Kimoja kikikosekana, geti ni mtego. Watoto na mabawabu wameangukiwa na mageti namna hii, na mara nyingi aliyeumia ndiye aliyekuwa akilifungua kwa adabu ili mwenye gari apite.

Kwa hivyo leo, kabla ya kutafuta grisi au brashi, nenda ukakague vitu hivyo viwili. Waondoe watoto kwanza. Simama kwenye ukingo wa geti, si upande ambao linaweza kukulalia, kisha lisukume polepole hadi mwisho wa kufunguka. Tazama juu. Je, bado limeshikwa barabara, au limebakia kwenye ncha ya kigurudumu kimoja? Vigurudumu vyenyewe ni vizima, au plastiki imeliwa na kubaki bolti tupu?

Halafu tafuta stopa. Inatakiwa iwe chuma kinene kilichozikwa katika zege au kuchomelewa imara, na iwe na kimo cha kuikamata fremu ya geti. Stopa fupi ya kuzuia gurudumu pekee haifai, kwa sababu geti likisukumwa kwa nguvu gurudumu huipanda. Katika ploti nyingi utakuta stopa haipo. Ilikatwa siku lori la mchanga lilipotaka nafasi ya kuingia, ikawekwa kando, na ikaishia kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mahali pake pamewekwa jiwe. Jiwe si stopa, msomaji. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuliondoa akitafuta kigingi cha goli.

Ukikuta kasoro katika mojawapo ya hivi viwili, usingoje mwisho wa mwezi. Lifunge geti, lifunge kwa mnyororo kwenye nguzo, na watu watumie mlango mdogo hadi fundi afike. Gari linaweza kulala nje usiku mmoja kwa jirani au kwenye kituo cha petroli.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzisikiliza zile kelele bila wasiwasi. Mlio mwembamba wa kukwaruza, unaoendelea muda wote geti linapotembea, mara nyingi ni wa beringi iliyokauka au kuvunjika ndani ya gurudumu. Mgongano wa ta-ta-ta unahitaji sikio zaidi. Ukisikika mahali pale pale kila mara, kasoro iko kwenye reli: huenda maungio yameachana au kuna kokoto iliyogandamana hapo. Lakini ukijirudia kila baada ya mwendo ulio sawa, popote geti lilipo, basi gurudumu lenyewe limechakaa upande mmoja.

Ipo njia nyingine nyepesi ambayo hata mtoto anaweza kusaidia, akiwa amesimama mbali. Chora mstari wa chaki kwenye kila gurudumu, kisha mtu mzima alisukume geti taratibu. Ukiona mstari unazunguka, gurudumu linafanya kazi. Ukiona mstari umesimama huku geti likienda, gurudumu haliviringiki tena, linaburutwa. Gurudumu linaloburutwa huila reli kama tupa, na baada ya miezi michache utanunua vyote viwili.

Geti likiwa zito bila kelele, anza na uchafu. Reli nyingi za hapa kwetu ni chuma cha pembe kilichogeuzwa mgongo juu, na gurudumu lina mfereji wa kuukumbatia mgongo huo. Matope ya masika yakikauka pembeni mwa chuma hicho huwa magumu kama tofali. Yachokoe kwa bisibisi kuukuu, ufagie kwa brashi ngumu, umwagie maji, na uache reli ikauke. Kazi hii haichukui nusu saa, na nadhani nusu ya mageti yanayoitiwa mafundi hayakuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya huo.

Nakusihi usimwage mafuta kwenye reli. Najua ndivyo inavyofanywa kila mtaa, tena kwa ile oili nyeusi iliyotolewa kwenye injini ya gari. Geti huwa jepesi kwa siku tatu. Kisha vumbi la barabara hunata kwenye oili, nayo mchanganyiko huo husaga gurudumu na reli kama msasa. Grisi mahali pake ni kwenye beringi na kwenye bawaba, si kwenye reli. Na ikiwa beringi ni ya zile zilizofunikwa kabisa kiwandani, hata grisi haiingii. Hiyo ikianza kulia hubadilishwa.

Kubadilisha gurudumu kunahitaji geti linyanyuliwe kwa jeki, likiwa bado limeshikwa juu, na kuwekewa magogo chini. Hapa mimi nasema mwite fundi, aje na msaidizi wake, hata kama wewe ni hodari wa spana. Kazi yako ni kuhakikisha kinachonunuliwa ndicho. Gurudumu kuukuu lifike dukani kama kielelezo, kwa sababu mifereji hutofautiana: kuna uliochongoka wa kukaa juu ya chuma cha pembe, na kuna wa mviringo wa kukaa juu ya chuma cha duara. Ukiuchanganya, geti litatembea vizuri siku mbili kisha liruke reli. Tena badilisha magurudumu yote mawili kwa pamoja, kwani jipya likiwekwa kando ya lililolika, geti huinama.

Kuna malalamiko mengine ambayo husikika zaidi Embakasi, Syokimau, Athi River na Kitengela. Mtu husema, "Geti langu lilikuwa likifunga vizuri mwezi wa Januari, sasa ni Aprili na komeo haliingii kwenye tundu." Fundi huja, hupanua tundu, hulipwa, huenda. Mwezi wa Septemba komeo hilo hilo linacheza ndani ya tundu kubwa na mwizi anaweza kuliinua kwa msumari.

Kosa si la komeo. Sehemu hizo zina ule udongo mweusi ambao hufura ukinywa maji na kunywea na kupasuka wakati wa kiangazi. Nguzo ya geti ikiwa imezikwa kina kifupi katika udongo huo, itainuliwa na kulazwa kila msimu, nalo geti litaifuata. Chukua kamba, ifunge jiwe, uiningʼinize kando ya nguzo kama timazi. Nguzo ikiwa imeinama, hakuna komeo wala bawaba itakayokusaidia hadi msingi wake uchimbwe upya hadi kwenye udongo imara, na maji ya mvua yaelekezwe mbali nao. Wakaao upande wa Kabete na Kikuyu kwenye udongo mwekundu hawaijui sana taabu hii, nao wasiwacheke wenzao.

Kwa geti la mabawa mawili linalofunguka kwa bawaba, ugonjwa mkubwa ni kulegea hadi ncha ikaburuta ardhi. Pima nafasi iliyo chini ya geti karibu na bawaba, halafu upime kwenye ncha ya mwisho. Ikiwa nguzo imesimama wima na ncha imeshuka, tazama bawaba. Pini iliyolika huweza kuinuliwa kidogo kwa kutiwa washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pamoja na grisi. Bawaba iliyopasuka kwenye mshono wa kuchomelewa haitiwi washa, huchomelewa upya siku hiyo hiyo. Na usilinyanyue bawa kwa mguu kila siku ukidhani umelisaidia, kwa maana huo ndio mwendo unaoimaliza bawaba.

Ukiagiza geti jipya la namna hii, mtazame fundi anavyouweka ule mwamba wa mshazari. Mwamba mmoja ulio wa kazi ya kusukuma huanzia pembe ya chini upande wa bawaba na kupanda hadi pembe ya juu upande wa komeo. Hapo uzito wa ncha huteremka hadi kwenye bawaba ya chini. Ukigeuzwa, kwenye geti la mbao hasa, hauzuii kitu na maungio huanza kufunguka. Pita barabara yoyote ya jiji uhesabu yaliyogeuzwa. Utashangaa.

Kuhusu kutu sitasema mengi. Huanzia chini, mahali maji ya mvua na ya kuoshea gari hukaa, na kwa kawaida bomba la fremu huoza kutoka ndani kwa sababu halikuachiwa tundu la kutolea maji. Gonga sehemu ya chini kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza husikika kama debe lenye mchanga. Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya na msasa, uifute, upake rangi ya msingi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho. Chuma kilichotoboka hukatwa na kuwekwa kingine. Fundi anayechomelea kipande kipya juu ya kutu amekuuzia moshi, awe ametoka Kamukunji, Kariobangi au kwenye duka la vioo.

Sasa wapangaji watauliza, haya yote ni kazi ya nani? Katika ploti ya nyumba kumi, geti la kila mtu huwa geti la asiye mtu. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa anayekalia au kusimamia jengo, Sura ya 34, inamtaka mtu huyo achukue tahadhari ya kutosha ili wanaoingia kwa ruhusa wasidhurike, tena inatambua kwamba mtoto hana uangalifu wa mtu mzima. Mahali ambapo mwenye nyumba ndiye anayesimamia uwanja na geti, hawezi kusema hayamhusu. Mwandikieni, hata kwa ujumbe wa simu, mkieleza kasoro na tarehe mliyoiona, na muuhifadhi ujumbe huo. Maneno ya mdomo kwa msimamizi wa ploti akipitia kodi husahaulika kabla hajafika kwenye ngazi. Na bawabu aulizwe pia. Yeye ndiye hulisukuma mara hamsini kwa siku, na anajua linapokwama, ila hathubutu kusema kwa kuogopa kuambiwa yeye ndiye aliyeliharibu.

Wenye gereji za kweli sijawasahau. Mlango wa gereji unaoinuka kwenda juu una hatari yake, nayo ni springi. Ndizo zinazoubeba uzito, ndiyo maana mama anaweza kuuinua kwa mkono mmoja. Zipime hivi: kama una mota, zima stima na uiachanishe na mlango, huku mlango ukiwa umefungwa. Uinue kwa mkono hadi nusu, kisha punguza nguvu polepole bila kuuachilia kabisa, miguu yako ikiwa mbali. Mlango wenye springi nzima hubaki pale pale au husogea kidogo. Ukitaka kushuka kwa kishindo, springi zimechoka. Za kawaida hutengenezwa zihimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Familia inayotoka na kurudi mara nne kwa siku huzimaliza kabla ya miaka 7.

Springi ikikatika utasikia mlipuko kama wa bunduki, na mlango utakataa kuinuka. Usiulazimishe kwa mota, na usiguse bolti za springi wala kebo zake. Springi iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono au kung'oa jicho, na spana ikiteleza hutapata nafasi ya pili. Wewe safisha njia za vigurudumu, kaza nati za bawaba zilizolegea kwenye mbao za mlango, tia mafuta kidogo kwenye bawaba. Springi na kebo mwachie fundi anayefanya kazi hiyo hasa, mwenye vyuma vyake vya kuzifungulia. Fundi anayetaka kuzifungua kwa bisibisi umrudishe alikotoka.

Limebaki suala la mota, ambalo linawahusu wenye gereji na wenye mageti ya rimoti pia. Mota haijui kama kilicho mbele yake ni hewa au mtoto. Mnamo 2010 nchini Uingereza wasichana wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki katika kipindi cha siku chache baada ya kubanwa na mageti ya umeme, mmoja Manchester na mwingine Bridgend. Huko Marekani, tangu 1 Januari 1993, mota za milango ya gereji za nyumbani hutakiwa ziwe na njia ya kutambua kwamba mtu amenaswa na kuurudisha mlango. Hapa mota zinazouzwa ni za kila aina, na fundi mwingine huacha yale macho mawili ya umeme ndani ya boksi kwa sababu hukulipia kuyafunga. Uliza yako wapi.

Ikiwa yapo, yafute vumbi na utando wa buibui kwa kitambaa laini kila mwezi. Geti linaloanza kufunga kisha likarudi lenyewe mara nyingi lina jicho chafu, au jicho lililogongwa likaacha kutazamana na mwenzake, au jua la jioni linaloliingia moja kwa moja. Usiyakate nyaya ili lifunge. Kwa mlango wa gereji, laza chini ya mlango kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 4, uufunge kwa rimoti ukiwa mbali. Ukigusa ubao unatakiwa urudi juu. Ukiendelea kuusukuma, mota izimwe hadi irekebishwe. Na siku mnapoita fundi wa kuchomelea stopa au bawaba kwenye geti la umeme, izimeni mota na kuitenga na stima kwanza, kwani umeme wa kuchomelea huweza kuunguza vifaa vyake vya ndani.

Kila mota ya geti ina ufunguo mdogo wa kuiachilia ili lisukumwe kwa mkono stima zikipotea, na ile ya gereji ina kamba ya kuvuta. Katika nyumba nyingi ufunguo huo umo ndani ya droo ya baba, na baba yuko safarini. Utungikeni mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na bawabu, anaweza kuufikia usiku bila kuwasha taa, na jioni hii kila mmoja wao ajaribu kuutumia mara moja.